Fonti ya kuchora kwa mkono: inawezaje kubaki na vituko vyake bila kuonekana ya mashine, na itumike wapi?

karafuu_na_wino

Habari zenu wakuu.

Nina seti ya herufi zilizochorwa kwa kalamu ya maka yenye ncha ya mshazari: kubwa 26, ndogo 26, tarakimu na alama chache. Ni herufi za vituko. K ina mguu mrefu kuliko mwili, g ina mkia kama ndoano, o zote zimepinda upande mmoja. Lengo ni fonti ya kuandikia kwa ukubwa: vibandiko vya mifuko ya maandazi, tisheti, ubao wa bei na bango la dukani. Si ya kuandikia barua.

Nimezipitisha kwenye huduma ya mtandaoni inayopokea karatasi iliyojazwa na kurudisha faili la fonti la TTF. Matokeo yanasomeka, ila:

1. Kingo zimekuwa laini mno, ule ukwaru wa maka umepotea.
2. Neno kama MAANDAZI linaonyesha A tatu zinazofanana kabisa. Papo hapo macho yanajua si mkono.
3. Ng'ombe inaandikika vibaya: kile kijialama kinaelea mbali na g, halafu kwenye simu kinatoka na umbo moja na kwenye kompyuta jingine.
4. Bei kama 500/= inaachana vipande vipande.

Nataka nianze upya kwa programu za bure, Inkscape (ya kuchora maumbo) na FontForge (ya kuunda fonti). Naomba hatua kamili, vipimo, na mambo ya kuepuka. Na pia: fonti ya namna hii isitumike wapi?

---

dada_vekta

Mkuu, kwa herufi za vituko ni sahihi kuachana na zile huduma. Zinasawazisha kila kitu kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya mwandiko wa kalamu ya wino, si kwa herufi nene.

Anza na karatasi. Ile ya kawaida ya gramu 80 hunyonya wino wa maka na kuusambaza kwenye nyuzi, na ukwaru unaoupata hapo ni wa karatasi, si wa mkono wako. Chukua gramu 120 hadi 160, au manila nyeupe iliyo laini. Herufi kubwa ziwe na kimo cha sentimita 4. Piga mistari minne kwa penseli ya bluu hafifu: wa kukalia, wa kimo cha herufi ndogo, wa kimo cha herufi kubwa na wa mikia. Acha angalau sentimita 2 kati ya herufi na herufi. Kila irabu ichore mara tatu, kubwa na ndogo. Sababu utaiona kwa mchangiaji mwingine hapa chini, bila shaka.

Skani kwa dpi 600 (pikseli 600 kwa inchi), rangi kamili. Kwa kipimo hicho herufi ya sentimita 4 inakupa takriban pikseli 945 kwenda juu, na hiyo inatosha kabisa. Dpi 1200 itakuletea vumbi na nyuzi za karatasi tu. Ukiwa kwenye GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha), tenganisha rangi na uchukue mkondo wa bluu peke yake: mistari ya penseli itafifia hadi kukaribia weupe, wino mweusi utabaki mweusi. Usiihifadhi kwa JPEG. Mgandamizo wake huacha makombo pembezoni mwa herufi, na makombo hayo yatageuka nukta baadaye. Tumia PNG.

Ndani ya Inkscape fungua “Trace Bitmap” (Shift+Alt+B), inayogeuza picha kuwa maumbo, chagua mwangaza, weka kizingiti kati ya 0.45 na 0.55. Kikiwa chini sana, sehemu ambazo maka ilipauka zinatoboka. Kikiwa juu sana, matundu ya e na a yanaziba. Ongeza “Speckles” mpaka vitone vya vumbi viondoke. Hapa ndipo ukwaru hupotea: “Smooth corners” ikiachwa juu, kila ncha inakuwa kokoto. Ishushe hadi karibu 0.5. Baadaye bonyeza Ctrl+L mara moja kurahisisha. Mara moja tu. Ukibonyeza mara tatu mfululizo Inkscape inazidisha nguvu ya kurahisisha, na K yako itakuwa kiazi.

Kisha hesabu nukta, yaani vile vidoti vinavyoshikilia kingo za umbo. Herufi yenye ukwaru wa kupendeza huwa na nukta 30 hadi 60. Ikiwa na 200 na zaidi, ukwaru huo hauonekani kwa macho ila faili linakuwa zito na mashine ya kukata stika itakulaani. Ondoa nukta kwenye sehemu zilizonyooka, ziache kwenye ncha za mistari, maana pale maka inapoanza na kuishia ndipo mtu anapoutambua mkono. Nakusihi usinyooshe kila kitu. Fonti nyingi za aina hii hufa kwa kusafishwa kupita kiasi, si kwa uchafu.

Kabla ya kuhamia FontForge, tengeneza ukurasa wa Inkscape wa pikseli 1000 kwa 1000. Weka mstari wa mwongozo kwenye 200 kutoka chini. Hapo ndipo herufi zinakaa. Herufi kubwa ziguse 900, yaani kimo chake ni 700. Herufi ndogo zifike karibu na 680. Kila herufi iwe faili lake la SVG, iwe na rangi ya ndani, isiwe na mstari wa nje. Umbo lililobaki kama mstari tu ligeuze kwanza kwa Ctrl+Alt+C.

FontForge: “Font Info”, Ascent 800, Descent 200. Fungua kisanduku cha herufi, ingiza SVG kwa Ctrl+Shift+I. Kwa vipimo vile, mstari wako wa 200 unaangukia sifuri bila kuhangaika. Kwa kila herufi fuata mpangilio huu bila kuuruka: unganisha maumbo yanayopandana (Ctrl+Shift+O), sahihisha mwelekeo (Ctrl+Shift+D), ongeza nukta za kilele (Ctrl+Shift+X), kisha zungusha namba ziwe kamili.

Herufi zinaweza kurukaruka juu na chini ya mstari, lakini kwa kipimo: uniti 25 hadi 30 za FontForge zinatosha. Ikizidi hapo maneno yanaanza kupepesuka kama yametoka kilabuni.

Nafasi za pembeni: herufi zenye ubavu ulionyooka (H, n, m) zipe 40 hadi 50 kila upande, za mviringo (o, e, c) 25 hadi 35, za mshazari (A, V, W) 10 au hata 0. Nafasi kati ya neno na neno 220 hadi 260. Fonti ya mabango inataka kubana. Nafasi za kitabu zikiwekwa kwenye herufi nene, neno linafumuka.

---

Mchoraherufi

Naongezea pale dada_vekta aliponiachia, upande wa Kiswahili chenyewe. Fonti nyingi za kuchora kwa mkono zimepimwa kwa maneno ya Kiingereza, ndiyo maana zikija huku zinachechemea. Sisi A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Kwa hiyo irabu moja inarudi kila baada ya herufi moja au mbili: kaka, salama, barabara. Ukiwa na umbo moja la a, siri imefichuka kwenye neno la kwanza.

Tiba ni maumbo mbadala yanayobadilishana yenyewe. Kwenye FontForge ongeza umbo jipya lisilo na msimbo, liite a.alt, uweke a yako ya pili. Halafu andika faili la maandishi lenye mwisho wa .fea:

```
languagesystem DFLT dflt;
languagesystem latn dflt;

@kons = [b c d f g h j k l m n p r s t v w y z];

feature calt {
  lookup badili {
    sub a a' by a.alt;
    sub a @kons a' by a.alt;
    sub a @kons @kons a' by a.alt;
  } badili;
} calt;
```

Liingize kwa “Merge Feature Info” kwenye menyu ya faili. Kila a inayotanguliwa karibu na a ya kawaida inageuka a.alt. Inayofuata inaikuta a.alt nyuma yake, kanuni haimhusu, inabaki a. Kwa hiyo “salama” inatoka a, a.alt, a, na “maandazi” vivyo hivyo: a ya pili inageuzwa na kanuni ya kwanza, ya tatu inakuta a.alt nyuma ya nd na inabaki a. Rudia kwa e, i, o, u, kisha kwa herufi kubwa. Kile kijialama kimoja kwenye kanuni si mapambo: kinaonyesha herufi ipi inabadilishwa. Ukikisahau, FontForge haitaisoma kanuni hiyo kama unavyokusudia.

Umbo la tatu uliloambiwa uchore? Liweke, lakini si lazima lipewe kanuni. Kwa mabango ya maneno mawili au matatu mawili yanatosha. La tatu liingize kwenye ss01, seti ya maumbo ya hiari, ili mchoraji alichague mwenyewe.

Suala la ng'. Tatizo lako lina vyanzo viwili. Kwanza msimbo: simu nyingi huandika alama iliyonyooka, U+0027, Word huibadilisha kuwa iliyopinda, U+2019, na wapo wanaotumia U+02BC, ambayo ni herufi hasa, si alama ya kunukuu. Chora moja tu, iliyopinda, iweke U+2019, halafu kwenye zile mbili nyingine weka rejeleo lake (nakili kwa Ctrl+G, kisha bandika). Yeyote aandike kwa kifaa chochote, umbo litatoka lile lile. Pili ni umbali. Tengeneza jozi ya g na alama, kisha alama na irabu inayofuata: ng'o, ng'a, ng'e. Anzia na −60 upande wa g, −40 upande wa irabu, uangalie kwa macho. Ya herufi kubwa, NG'OMBE, ishughulikie kivyake, kwa sababu G kubwa haina bega la kuficha alama.

Kuhusu /=, usihangaike na nafasi. Chora alama nzima kwa mpigo mmoja, mkwaju na mistari yake miwili, ipe jina slash_equal, na uweke:

```
feature liga {
  sub slash equal by slash_equal;
  sub slash hyphen by slash_hyphen;
} liga;
```

Hiyo ya pili ni kwa wanaoandika 500/-. Tarakimu zote zipe upana mmoja, mathalani 520, la sivyo bei kwenye ubao hazitapangika kwenye safu. Ndiyo, 1 itaonekana mpweke kidogo katikati ya uwanja wake. Mpe kofia na kiatu.

Jozi nyingine za kupima ambazo orodha za Kiingereza hazitakukumbusha: Wa, Ya, Ki, kw, vy, fy, nj, mj, uj. Hizo za j ndizo hatari kwako kwa kuwa mikia yako ni ya ndoano. J ya “mjomba” itaingia chini ya m na kuonekana kama uzi uliofumuka. Na q na x zichore hata kama Kiswahili hakizihitaji. Majina ya watu na ya biashara yatazidai.

Maneno ya kupimia: ng'ombe, njugu, vyungu, mjomba, kaa, choo, fyeka, Wapishi, Jumapili, MAANDAZI 500/=.

---

karafuu_na_wino

Asanteni sana, maumbo mbadala yanafanya kazi. Mambo matatu yamebaki: e na o zimejaa wino mweusi ndani, kwenye Windows K inakatwa kichwa juu, na nikisakinisha toleo jipya naona herufi za zamani. Na kwenye Word A zimerudi kufanana, ilhali kwenye kivinjari zinabadilishana vizuri.

---

dada_vekta

Matundu kujaa: mzingo wa ndani unazunguka mwelekeo ule ule wa mzingo wa nje. Chagua herufi zote, Ctrl+Shift+D. Ikigoma kwenye herufi moja, tafuta mzingo uliobaki wazi. Nukta mbili zinaonekana zimekutana kumbe zimepishana kwa uniti moja. “Validate” kwenye menyu ya “Element” itakuonyesha zilipo.

Kichwa cha K: Windows hukata kila kinachozidi “Win Ascent”. Ingia “Font Info”, kichupo cha OS/2, sehemu ya vipimo, uweke Win Ascent na HHead Ascent zizidi kidogo herufi yako ndefu kuliko zote. K ikifika 960, weka 980. Fanya hivyo hivyo na Descent kwa ajili ya mkia wa g. Usizidishe ovyo, maana namba hizo ndizo zinazoamua umbali kati ya mstari na mstari.

Herufi za zamani ni kumbukumbu ya mfumo. Wakati wa majaribio badilisha jina la familia kila mara: Karafuu J01, Karafuu J02. Jina la kweli liweke siku ya mwisho.

Word: bonyeza Ctrl+D, kichupo cha mambo ya ziada, weka tiki kwenye “Use Contextual Alternates” na uwashe pia nafasi za jozi. Vivinjari, LibreOffice na InDesign huwasha vyenyewe. Kwa mteja atakayetumia Word bila kujua hayo, njia ya zamani bado ipo: fonti ya herufi kubwa tupu, ambapo vitufe vya herufi ndogo vina seti ya pili ya herufi kubwa. Anaandika MaANDaZI mwenyewe. Si maridadi, ila haihitaji maelezo.

Na ukiwa OS/2 hapo hapo, hakikisha ruhusa ya kupachika imewekwa “Installable”, ili PDF unazopeleka kwa mchapaji zibebe fonti ndani yake.

---

FundiPlota

Mimi nitajibu lile la mwisho, maana wengi hutengeneza fonti nzuri kisha wanaiua kwenye matumizi.

Bango. Kanuni ya kawaida ni milimita 25 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, kwa kusoma bila kukodoa macho. Msomaji akiwa ng'ambo ya barabara, mita 30, hiyo ni sentimita 25. Kanuni hiyo ni ya herufi za kawaida. Kwa herufi zenye mguu mrefu na o zilizopinda, ongeza nusu yake tena, au punguza maneno. Maneno manne ni mengi tayari.

Namba ya simu isiandikwe kwa fonti hii. Kamwe. 1 na 7 za mkono zinachanganyana, 0 inageuka O, na mteja hapigi simu mara mbili. Weka jina la duka kwa fonti ya vituko, namba na anwani kwa fonti tulivu kama Lato au Open Sans. Vivyo hivyo viambato vya kwenye kifungashio, tarehe ya kuisha muda na maelekezo ya matumizi. Chini ya pointi 18 kwenye karatasi, fonti ya maka yenye ukwaru inaanza kuonekana kama fotokopi mbovu.

Stika za kukata kwa plota: geuza maandishi kuwa maumbo (Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape), halafu unganisha yote kuwa umbo moja. Usipounganisha, mahali herufi mbili zinapopandana kisu kitapita mara mbili na kukata katikati ya neno. Herufi za chini ya milimita 15 zikiwa na ukwaru hazikai: vijisehemu vyembamba vinang'oka pamoja na mabaki unapomenya. Unene wa mstari usipungue milimita 2. Ukiona plota inatetemeka kwenye mkunjo badala ya kuteleza, nukta ni nyingi. Rudi kwa dada_vekta.

Tisheti kwa skrini: matundu ya a na e ndiyo yanayoziba kwanza, kwa sababu wino unatanuka kwenye pamba. Kwenye nyavu ya 43T (nyuzi 43 kwa sentimita) na wino wa maji, mstari usiwe mwembamba kuliko milimita 0.5 na pengo lisiwe chini ya 0.8. Kwa hiyo usipunguze nembo ya kifuani ili iingie mfukoni kwa kuvuta kona tu. Chora toleo la pili lenye matundu yaliyofunguliwa zaidi.

Kudarizi, kofia hasa, ni habari nyingine. Ukwaru wote unapotea kwenye uzi. Mstari uwe milimita 1 na zaidi, herufi zisiwe chini ya milimita 8, na peleka toleo lililosafishwa kingo. Ukipeleka lile lenye ukwaru, programu ya mashine itajaribu kushona kila jino na kitambaa kitakunjamana.

Na kama unataka kuiga maandishi ya kanga, angalia kanga zenyewe kwanza. Jina la kanga kwa kawaida ni herufi kubwa zilizotulia, zimekaa kwenye kisanduku chake, vituko vyote viko kwenye maua na pindo. Ukiweka K yenye mguu mrefu pale, itagombana na korosho zilizo pembeni.

---

Mchoraherufi

Umesema vyema hapo kwenye kanga.

karafuu, jambo la leseni kabla hujaisambaza. Ukitaka watu waitumie bure hata kibiashara na waruhusiwe kuirekebisha, SIL Open Font License ndiyo iliyozoeleka. Fonti nyingi za Google Fonts ziko chini yake. Inaruhusu kuiuza ikiwa ndani ya programu au kifurushi kingine, hairuhusu mtu kuiuza yenyewe peke yake. Unaweza kuhifadhi jina, ili anayeibadilisha alazimike kuita yake jina jingine. Weka maandishi ya leseni ndani ya faili la fonti na pia OFL.txt pembeni.

Kinyume chake pia: ukikopa alama au herufi kutoka fonti iliyoandikwa “kwa matumizi binafsi”, huruhusiwi kuiweka kwenye bango la duka, achilia mbali kuiunganisha kwenye yako. Kama bado hujachora @ na &, zichore mwenyewe. Dakika kumi tu.

---

karafuu_na_wino

Zimechorwa. & imetoka kama pweza, naiacha hivyo hivyo. Swali dogo la mwisho: nitoe OTF au TTF?

---

dada_vekta

OTF. Mikunjo yako ni ya Inkscape, na OTF inaichukua kama ilivyo. TTF inaigeuza kuwa ya aina nyingine na kuongeza nukta, jambo ambalo kwenye kingo za ukwaru unaliona. Mteja akidai TTF, badili uniti kutoka 1000 hadi 2048 kwanza ndipo utoe, ili mzunguko wa namba usile ncha ndogo. Kwa tovuti toa WOFF2 kutoka kwenye OTF hiyo hiyo.

Pweza aachwe.